Leva Fupi ya Gia: Nini Hasa Kinachochakaa Ndani ya Giaboksi

Ukibadilisha leva ya gia uliyoikuta kwenye gari, ukaweka fupi, au ukaweka kichwa kizito, au ukang'oa bushi za mpira na kuweka ngumu, je, giaboksi inaumia? Wapo wanaoapa kwamba leva fupi humaliza sinkronaiza, yaani kifaa kinacholinganisha kasi ili gia iingie, kabla ya wakati wake. Wapo walioendesha nayo miaka mingi bila gia hata moja kugoma. Kila upande unasema ulichokiona, ndiyo maana mabishano hayaishi. Mimi naona hayaishi kwa sababu tunabishania leva, ilhali giaboksi haina habari na leva.

Giaboksi haijui mkononi umeshika nini. Inachopokea ni msogeo wa shafti ya selekta, fimbo inayochagua na kuingiza gia, na katika msogeo huo mna mambo matatu yanayoweza kuisalimisha au kuidhuru: nguvu inayosukuma, muda ambao gia inapewa kuingia, na mahali slivu, bangili inayoikamata gia, inapoishia baada ya kuingia. Kila kifaa kinachouzwa kwa ajili ya leva hugusa moja, mawili au yote matatu. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji au fundi si kama kifaa ni kizuri au kibaya. Muulize kinabadilisha lipi kati ya hayo, na kwa kiasi gani.

Hesabu ya wenzo

Leva ya gia ni wenzo, kama mtaimbo wa kung'olea jiwe. Ina egemeo, ambalo mara nyingi ni gololi kubwa iliyokaa kwenye kikombe cha plastiki. Juu ya egemeo kuna mkono wako. Chini kuna ncha inayosukuma fito, kebo, au shafti ya selekta yenyewe. Tuseme upande wa juu una milimita 300 na wa chini una milimita 60. Uwiano ni 5 kwa 1. Ikiwa shafti ya selekta inatakiwa kusogea milimita 10 kutoka nyutro hadi gia ikae, mkono utasafiri milimita 50. Ukisukuma kwa nyutoni 40, shafti inapata nyutoni 200, tukiacha kando msuguano wa njiani.

Sasa refusha ule upande wa chini hadi milimita 80. Uwiano unashuka hadi 3.75. Mkono unasafiri milimita 37.5, yaani robo nzima ya mwendo imeondoka, na hiyo ndiyo raha ya leva fupi. Lakini ili shafti ipate nyutoni zilezile 200, mkono sasa unatakiwa utoe nyutoni 53 badala ya 40. Umbali uliopunguza umeulipia kwa nguvu. Ukiamua badala yake kuikata leva kwa juu hadi ibaki milimita 225, unapata uwiano uleule wa 3.75, na giaboksi haitaona tofauti yoyote kati ya njia hizi mbili. Tofauti utaiona wewe, kwa kuwa kichwa cha leva kitakuwa kimeshuka.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Husema leva fupi inaikandamiza giaboksi kwa nguvu zaidi. Hesabu inasema kinyume: mkono uleule, ukisukuma kwa nyutoni zilezile 40, sasa unaifikishia shafti nyutoni 150 tu. Leva fupi peke yake huipunguzia giaboksi nguvu. Shida ni kwamba mkono haubaki uleule. Dereva anahisi gia imekuwa nzito, anaona kama inamgomea, naye anaongeza nguvu. Tena mtu aliyenunua leva fupi aliinunua ili abadili gia haraka, kwa hiyo anaongeza na kasi. Nguvu ikirudi kwenye zile nyutoni 200 hakuna kilichobadilika. Kasi ndiyo inayoleta mambo, na kuelewa kwa nini, lazima tuingie ndani ya giaboksi.

Pete ndogo inayobeba lawama zote

Ndani ya giaboksi ya kawaida, gia za kwenda mbele hazisogei kutafutana. Zimeshikana meno muda wote na zinazunguka muda wote. Kinachosogea ni slivu, bangili ya chuma yenye meno kwa ndani, iliyofungamana na shafti na kusukumwa na foki, uma wa chuma unaoendeshwa na shafti ya selekta. Slivu inatakiwa iteleze hadi ikamate meno madogo yaliyo ubavuni mwa gia unayoitaka. Tatizo ni kwamba wakati huo slivu na gia vinazunguka kwa kasi tofauti, na meno yanayopishana kasi hayawezi kuingiana bila kukwaruzana.

Zamani kazi ya kulinganisha kasi ilikuwa ya dereva: kanyaga klachi, toa gia, achia, kanyaga mafuta kidogo, kanyaga klachi tena, ingiza gia. Mwaka 1928 Cadillac ilitoa giaboksi yenye sinkronaiza, ubunifu wa Earl A. Thompson, na kazi hiyo ikaanza kufanywa na pete. Pete hiyo, ambayo katika magari mengi ni ya shaba ya manjano, hukaa kati ya slivu na gia. Kwa ndani ina umbo la koni, na inapobanwa juu ya koni ya gia, msuguano huivuta gia hiyo, pamoja na shafti ya kutoka kwenye injini na klachi pleti, hadi kasi zilingane. Kwa nje ina meno yenye ncha zilizochongwa kama paa la nyumba. Maadamu kasi hazijalingana, msuguano huipindisha pete, yaani huizungusha kidogo tu, meno yake yakakaa mbele ya meno ya slivu na kuyazuia. Kasi zikilingana, ule mpindo unaisha, slivu inaisogeza pete pembeni na kupita.

Sasa fikiria jambo hili, maana ndipo penye kiini cha mada yote. Unaposukuma kwa nguvu zaidi, slivu inazidi kulazimisha kupita, ni kweli. Lakini nguvu hiyohiyo inaibana pete zaidi kwenye koni, na uzuiaji nao unaongezeka kwa kiwango kilekile. Waliochora pete wamepanga mteremko wa koni na mchongo wa meno ili uzuiaji ushinde daima, usukume kwa kidole au kwa ngumi. Kwa hiyo, katika giaboksi isiyo na hitilafu, nguvu tupu haiwezi kuipita pete.

Basi mbona gia hukwaruza mtu anapozichapa haraka? Kwa sababu uzuiaji unategemea mambo mawili yanayotaka muda. Kwanza, pete lazima ifike kwenye koni na kupinda kabla meno ya slivu hayajafika. Pili, lazima oili iliyo kati ya pete na koni ifutwe, kwa kuwa utando wa oili hauna msuguano wa maana. Ndiyo sababu uso wa ndani wa pete una mifereji myembamba kama ya skrubu: hukata utando huo na kuutoa nje. Slivu ikija kwa kishindo, inaweza kuyafikia meno ya pete kabla utando haujafutwa, na kwa nukta hiyo pete haina nguvu ya kuzuia. Meno yanagongana, na kila mgongano unachukua punje ya zile ncha. Zikishakuwa butu, pete huzuia vibaya zaidi, ikikwaruza zaidi inazidi kuwa butu, na kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma.

Leva fupi inagusa hapohapo. Mkono unaosafiri nusu mita kwa sekunde hutumia sekunde 0.1 kumaliza milimita 50. Kwa leva fupi ya mfano wetu, mkono huohuo, bila kuongeza haraka yoyote, unamaliza mwendo kwa sekunde 0.075. Slivu inaijia pete kwa kasi iliyozidi ya awali kwa theluthi moja, na dereva hajui kwamba amebadilisha chochote. Dereva anayetulia kidogo pale gia inapogusa kizuizi, akaiacha pete imalize kazi yake, ataishi na leva fupi bila madhara. Anayeichapa moja kwa moja atasikia sauti, na mara nyingi ataisikia kwanza kwenye gia ya pili.

Joto halipungui kwa kuwa na haraka

Kila unapobadili gia kuna nishati inayogeuka kuwa joto kwenye koni. Kiasi chake kinategemea uzito unaozungushwa na tofauti ya kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Uharaka wako haumo kabisa katika hesabu hiyo. Ukiingiza gia kwa sekunde 0.2 au kwa sekunde 0.1, joto ni lilelile. Tofauti ni kwamba katika hali ya pili limemiminwa kwa nusu ya muda, na uso wa pete unapanda joto kwa ghafla zaidi. Oili ya pale pembeni huungua, shaba hulainika na kulika, na zile pete zenye tabaka la kaboni au la nyuzi huanza kung'aa kama kioo na kupoteza mshiko.

Kwa kuwa tofauti ya kasi imezidishwa kwa yenyewe, unachokifanya na gia kina uzito kuliko leva uliyo nayo. Chukua giaboksi ambayo gia ya pili ni 2.0, ya tatu 1.4 na ya nne 1.0, na gari liko kwenye mwendo ambao shafti ya kutoa nguvu inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwenye gia ya nne shafti ya upande wa injini inazunguka 2,000. Kwenye ya tatu ingezunguka 2,800. Kwenye ya pili, 4,000. Ukishusha kutoka ya tatu kwenda ya pili, pete inaziba pengo la mizunguko 1,200. Ukiruka kutoka ya nne hadi ya pili, pengo ni 2,000, na joto linakuwa karibu mara 2.8. Dereva wa leva ya kiwandani mwenye tabia ya kuruka gia anaichosha pete ya pili kuliko dereva wa leva fupi anayeshuka ngazi kwa ngazi na kukanyaga mafuta kidogo katikati ili injini ipande kasi.

Magari mengi ya miaka ya karibuni hupewa koni mbili au tatu kwenye gia ya kwanza na ya pili, ili eneo la msuguano liwe kubwa na nguvu inayotakiwa iwe ndogo. Giaboksi ya namna hiyo huvumilia leva fupi kuliko ile ya zamani yenye koni moja. Ukitaka kujua kama gari lako linafaa kufupishiwa leva, anzia hapo, kabla ya kuangalia ubora wa leva yenyewe.

Gia iliyoingia nusu

Nguvu na muda hupiga kelele. Kosa la mahali slivu inapoishia halina sauti, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu giaboksi nyingi zaidi kati ya zilizobadilishiwa leva.

Slivu ikifika mwisho wa safari yake, meno yake yanakuwa yameyakamata meno ya gia kwa urefu wote. Tena meno hayo yamechongwa kwa mteremko mdogo wa kinyume, kiasi kwamba injini inapovuta, slivu inajivuta yenyewe ndani zaidi. Foki haibebi mzigo wowote. Lakini slivu ikiishia milimita mbili nyuma, injini inavuta kwa kutumia ncha tu za meno. Ncha hizo hulika na kuwa mviringo, ule mteremko wa kinyume unapotea, na siku moja gia inachomoka yenyewe ukiachia mafuta kwenye mteremko. Fundi akiifungua anakuta slivu na gia vyote vinataka kubadilishwa, hata kama pete ni nzima.

Leva mpya huleta hali hii kwa njia kadhaa. Ncha ya chini iliyorefushwa inaweza kugonga bodi au mpira wa vumbi kabla ya gia kukaa. Egemeo lililopandishwa linaweza kuifanya leva iguse ukingo wa konsoli kwenye gia za upande mmoja. Kwenye magari ya kebo, kubadilisha uwiano wa leva bila kurekebisha urefu wa kebo upya huihamisha nyutro: gia za mbele ya leva, yaani ya kwanza, ya tatu na ya tano, zinaingia kupita kiasi, na za nyuma zinaingia nusu, au kinyume chake. Zile zinazoingia kupita kiasi nazo hazisalimiki, kwani slivu ikishafika kwenye kituo chake, nguvu yote inayozidi huenda kuipinda foki na kuisugua kwenye mfereji wa slivu inayozunguka.

Leva nyingine, hasa za magari ya injini kubwa yenye magurudumu ya nyuma ya kuvuta, huja na skrubu za kusimamisha leva kabla nguvu ya mkono haijafika kwenye foki. Ni wazo zuri mno, endapo skrubu zimepangwa baada ya gia kuingia kikamilifu na kuachiwa nafasi kidogo. Zikipangwa kwa kubana, kifaa kilichokusudiwa kuilinda foki ndicho kinachoizuia slivu isifike.

Bushi, mauntingi na mtikisiko

Bushi zilizochakaa huleta kosa lilelile la gia kuingia nusu. Bushi za mpira au plastiki zinapolegea, sehemu ya mwendo wa mkono inapotelea kwenye ulegevu na haifiki kwenye giaboksi. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba kubadilisha bushi zilizokufa ndiyo marekebisho ya leva yenye faida kubwa kuliko yote, iwe unarudishia za aina ya kiwandani au unaweka ngumu za poliyuretani. Watu wengi waliodhani wanahitaji leva fupi walihitaji bushi mpya tu.

Ila ugumu una mipaka yake. Injini imekaa juu ya mauntingi za mpira, na kila unapokanyaga mafuta au kuachia, inajipinda. Leva imefungwa kwenye bodi, giaboksi inajipinda pamoja na injini. Kwenye mfumo wa fito, tofauti hiyo ya msogeo lazima imezwe na kitu, na kazi hiyo hufanywa na bushi laini. Ukiweka bushi za shaba au za plastiki ngumu kabisa huku mauntingi zimeshachoka, injini yenyewe inaanza kuisukuma na kuivuta shafti ya selekta kila unapoongeza mwendo. Foki inasuguliwa bila wewe kugusa leva, na gia inaweza kuvutwa itoke. Mfumo wa kebo una afadhali kwa hili, kwa kuwa kebo hupinda. Kwa hiyo mpangilio uwe huu: mauntingi kwanza, bushi baadaye, na ugumu wa bushi usizidi ule wa mauntingi kwa mbali.

Kichwa kizito

Kichwa cha leva chenye gramu 400 au 500 kinahisiwa kama kitu kidogo, lakini wenzo unakikuza. Uzito ulio mwisho wa leva unaonekana kwenye shafti ya selekta ukiwa umezidishwa kwa uwiano, kisha kwa uwiano tena. Kwa uwiano wa 5, gramu 400 zinakuwa kama kilo 10 zilizofungwa kwenye shafti. Uzito huo ukishaanza kusogea, unabeba mwendo kupita vile vikwazo vidogo vya njiani, na mkono unahisi gia imelainika. Watengenezaji wenyewe wanaijua siri hii: kwenye giaboksi nyingi za kebo utakuta pande la chuma limefungwa kwenye mkono wa selekta juu ya giaboksi, na kazi yake ni hiyo. Wapo wanaoling'oa ili leva iwe nyepesi, kisha wanashangaa gia zimekuwa na mikwaruzo mkononi.

Je, kichwa kizito kinachakaza? Kwa mkono uliotulia, sioni sababu ya kuogopa. Kwa mkono unaochapa gia, kilo 10 zinazogonga pete ni nyundo, na kila kilichosemwa juu ya haraka kinazidishwa. Kuna hofu nyingine inayosemwa sana, kwamba uzito wa kichwa huilemea foki muda wote. Gramu 400 ni takriban nyutoni 4, na leva iliyolala nyuzi 15 inaelekeza karibu nyutoni 1 tu kwenye mwelekeo wa gia. Kwa uwiano wa 5 hiyo ni nyutoni 5 kwenye shafti. Gololi na springi inayoishikilia gia mahali pake haishtuki kwa kiasi hicho. Linganisha na mkono uliopumzishwa juu ya leva safari nzima: ukiegemea kwa nyutoni 15, foki inapata nyutoni 75 na inasugua slivu kwa masaa. Tabia hiyo ya mkono hupunguza maisha ya foki kuliko kichwa chochote kinachouzwa.

Zile springi za gololi nazo huuzwa zikiwa ngumu zaidi, ili gia zikae kwa mlio wa kuridhisha. Hizi huongeza nguvu ya kuingiza na ya kutoa, na madhara yake kwenye pete ni madogo. Zilizo laini kuliko za kiwandani, kwa maoni yangu, zisiwekwe kabisa.

Makosa ya mlango

Vifaa vingi vya kufupisha mwendo wa mbele na nyuma hufupisha pia mwendo wa kushoto na kulia. Milango ya gia, yaani njia ambazo leva hupita kuingia kila gia, inasogeleana. Dereva anayetoka gia ya tatu kwenda ya nne kwa haraka anaweza kujikuta kwenye ya pili. Kwa uwiano tuliotumia hapo juu, injini iliyokuwa kwenye mizunguko 6,000 katika gia ya tatu ingeshuka hadi takriban 4,290 kwenye ya nne. Ikiingia ya pili, magurudumu yanaizungusha hadi takriban 8,570. Kidhibiti cha injini hakiwezi kuzuia hilo, kwa sababu anayezungusha si mafuta, ni gari lenyewe. Valvu zinaweza kugonga pistoni, na pete ya gia ya pili imeziba pengo ambalo haikuumbwa kuliziba. Ukiweka leva inayopunguza mwendo wa pembeni, weka na springi za katikati zenye nguvu zaidi, au chagua leva inayoacha mwendo wa pembeni ulivyo.

Lawama zisizo za leva

Mara nyingi leva inabadilishwa siku moja na klachi, na oili ya giaboksi inamwagwa palepale. Gia zikianza kugoma, leva ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayohukumiwa.

Klachi isiyoachia vizuri ni adui wa sinkronaiza kuliko leva yoyote. Pete imetengenezwa kuisimamisha klachi pleti na shafti yake, haikutengenezwa kuishinda injini. Klachi ikiburuta hata kidogo, pete inapambana na injini nzima kila gia. Kipimo chake ni chepesi: gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, kanyaga klachi, subiri sekunde chache, kisha ingiza gia ya kurudi nyuma, ambayo kwenye giaboksi nyingi haina sinkronaiza. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi inaburuta. Klachi pleti nzito ya mashindano nayo huongeza uzito ambao pete inatakiwa kuubadilishia kasi, hata kama inaachia vizuri.

Oili nayo: giaboksi nyingi zenye pete za shaba huandikiwa oili ya daraja la GL-4. Ya GL-5 ina viongezwa vingi zaidi vya salfa na fosforasi kwa ajili ya difu, na ikiwekwa mahali isipotakiwa, inaweza kuila shaba na kuifanya pete iteleze badala ya kushika. Pete inayoteleza haizuii, na tumeshaona pete isiyozuia inafanya nini.

Neno moja kuhusu giaboksi za mashindano zisizo na sinkronaiza. Huko kanuni inageuka: meno makubwa yaliyo ubavuni mwa gia yanataka kuingizwa kwa haraka na kwa uhakika, na dereva anayeingiza polepole kwa huruma ndiye anayeyafanya kuwa mviringo. Ushauri mwingi wa leva fupi umetoka kwenye magari hayo, na haufai kuhamishiwa kwenye gari la barabarani jinsi ulivyo.

Baada ya kufunga

Ukiweka leva mpya, kabla ya kurudisha konsoli, zima injini na tenganisha fito au kebo kutoka kwenye mkono wa selekta juu ya giaboksi. Usukume mkono huo kwa vidole hadi gia ikae kabisa, upande mmoja na wa pili, na uweke alama ya rangi mahali unapoishia kila upande. Huenda ukahitaji mtu wa kuzungusha gurudumu kidogo ili meno yapatane. Rudisha kebo, kisha mwenzako aingize gia kwa leva akiwa kwenye kiti, nawe uangalie kama mkono wa selekta unafikia alama zilezile. Ukiishia nyuma ya alama, hata kwa milimita mbili, rekebisha kebo au tafuta leva inagonga wapi. Ukifika kwenye alama huku leva ikiwa bado na nafasi ndogo ya kusogea, umemaliza. Kwenye magari ambayo leva imekaa moja kwa moja juu ya giaboksi, kagua pia ule mpira wa ndani unaofunika egemeo; ukiwa umechanika, mchanga unashuka kwenye gololi, na katika baadhi ya giaboksi unaingia hadi kwenye oili. Mpira huo hugharimu kidogo kuliko chochote kingine katika kazi hii.

Gia ikianza kuchomoka wiki kadhaa baadaye, rudisha leva ya zamani kabla ya kulaumu lolote. Tatizo likiisha, leva mpya haikuwa inafikisha slivu mwisho, na ukiwa umewahi, meno bado yana mteremko wake. Likiendelea na leva ya zamani, meno yameshakuwa mviringo, na hapo hakuna leva wala oili itakayosaidia. Giaboksi inashushwa, na pamoja na slivu na gia, fundi apime nafasi iliyobaki kati ya kila pete na gia yake na kuilinganisha na kipimo cha kitabu cha gari hilo.